Tundu Nyuma ya Moyo Mtakatifu

Haya nilielezwa na Maman Godelive mwenyewe, Jumatano iliyofuata Pasaka, tukichambua maharagwe kwenye baraza. Aliyasema polepole, akinyamaza kila alipookota jiwe na kulitupa, na alipofika kwenye sehemu yake ya aibu hakuiruka. Kwa hiyo hapa pia haitarukwa.

Mashini ilifika Bukavu ndani ya karatoni iliyoandikwa pande zote nne kwamba ibebwe taratibu, na vijana walioishusha wakaitupa chini kama gunia la mihogo. Ilitoka Ubelgiji. Aliyeituma ni Déborah, binti ya Maman Godelive, anayetunza wazee wa watu huko, na aliyemwachia mama yake mtoto wake Aganze, wa miaka minne, mpaka karatasi zake zikamilike. Aganze alikuwa na kifua kibovu. Mara mbili alilazwa kwa ajili ya numoni, ule ugonjwa wa mapafu, na mara ya pili munganga wa hospitali alisema: "Maman, ya tatu sitaki kuiona. Huyu mutoto asipigwe na baridi."

Basi tangu siku ile Maman Godelive akawa analala akihesabu vikohozi vya mjukuu wake, kama wengine wanavyohesabu chembe za rozari. Nyumba yao iko juu ya mtaa wa Muhungu, mahali ambapo upepo wa ziwa ukipanda hauulizi nani ana kifua. Aliziba chini ya milango kwa vitambaa, akamvika mtoto sueta mbili na kofia ya sufu hata saa sita za mchana. Déborah alipoona kwenye telefone mwanawe amevaa kama mtu wa barafu, alilia, kisha akanunua shofaje: sanduku la chuma lenye kidirisha cha kioo mbele, linalowaka kwa gaz ya chupa na kupasha nyumba yote moto.

Pamoja na mashini kulikuwa na kitabu cha maelezo. Kitabu kilimwangukia Papa Évariste, mume wa Maman Godelive, aliyekuwa préfet wa masomo, yaani mkuu wa shule, miaka thelathini na mmoja na ambaye tangu apumzishwe hakuwa amepata kitu cha kusahihisha. Alikisoma kwa siku mbili, na kalamu nyekundu mkononi. Alisoma hata kurasa za Kiflama, lugha asiyoijua, kwa heshima tu. Siku ya tatu akamwita Mushagalusa, mwashi wa mtaa.

"Sikiliza vizuri," Papa Évariste akasema, akishika kitabu mbali na macho. "Ukurasa wa saba. Tundu la kwanza, shibiri moja chini ya plafo, dari ya juu. Tundu la pili, shibiri moja juu ya sima ya sakafu. Yote mbili yatokee inje. Na yasizibwe ata siku moja. Wamepiga musitari chini ya *ata siku moja*."

Mushagalusa alikuna kichwa. "Préfet, nielewe. Hii mashini kazi yake ni kupasha nyumba moto?"

"Njo kazi yake."

"Na mbele ya kupasha moto, miye nitoboe ukuta, baridi iingie?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Bazungu," mwashi akasema, akichukua nyundo, "biko na kazi."

Maman Godelive naye hakuelewa. Ukuta ule wa saluni, chumba cha wageni, ulikuwa umepakwa rangi mpya ya maziwa kabla ya Noeli. Ikabidi Déborah mwenyewe atume sauti kwenye telefone, nao watatu wakainama kuisikiliza. "Maman, ile moto inakula hewa sawa na mutu. Ikikosa hewa ya inje, inakula yenu ya ndani. Kisha inatoa sumu. Haionekane, haina harufu. Munasikia tu kichwa kuuma, usingizi, basi. Tundu ya chini inaingiza hewa, ya juu inatosha inje ile yenye kuchoka. Maman, nakuomba, usiyafunge."

Mushagalusa aliacha kucheka. Alikuwa na kaka yake, akasema, aliyekwenda Kalehe kufanya kazi ya ujenzi. Usiku mmoja wa mvua kaka yake aliingiza mbabula, jiko la makaa, chumbani, akafunga mlango. Asubuhi alikutwa amelala vizuri, uso mwekundu kama mtu mwenye afya, na hakuamka. "Batu balisema amerogwa. Tukamufukuza shangazi yetu. Alikufia kwa batu, ule mama." Akapima ukuta kwa shibiri. "Kumbe ilikuwa ile makala ya mbabula."

Alitoboa matundu yote mawili siku hiyo hiyo, kila moja lingepitisha misale ya padri, kile kitabu cha misa, akayawekea wavu wa chuma kwa ajili ya panya. Alipomaliza alikwenda kwenye banda la kuku, akang'oa unyoya mmoja mweupe, akaufunga kwa uzi kwenye wavu wa juu. Unyoya ukaanza kucheza peke yake.

"Ikicheza, nyumba inapumua," akamwambia Maman Godelive. "Siku ikinyamaza, muniite, ata kama ni saa ya misa."

Siku tisa mashini ikawaka. Kidirisha kilionyesha moto wa bluu, mtulivu, kama mstari wa daftari. Aganze akavuliwa sueta moja, kisha ya pili. Usiku wa nne Maman Godelive alihesabu vikohozi viwili tu.

* * *

Siku ya kumi alikuja Maman Charlène.

Maman Charlène ni mukubwa wa shirika, yaani zile familia za Kikatoliki za barabara moja zinazosali pamoja kila Alhamisi, leo nyumba hii, juma lijalo ile. Alikuja na wamama wawili nyuma yake kukumbusha kwamba Alhamisi ni zamu ya kwa préfet. Alikunywa chai, akasifu mashini, akanyoosha mikono yake mbele ya kidirisha. Kisha macho yake yakapanda ukutani na kubaki pale.

"Godelive. Bezi balianza kuingia, wakachoka katikati?"

"Hapana, maman. Ni ya hewa."

"Ya hewa!" Maman Charlène aliwageukia wenzake. "Siye tuliuza ata shamba ya Mumosho tuweke madirisha ya aluminium, hewa isiingie. Yeye anaitobolea mulango!"

Wale wawili wakacheka, mikono mdomoni.

"Na hii ya chini?" akauliza, akiinama. "Sungura wako wanapitia hapa? Nyumba ya préfet mzima, ukuta wa rangi ya maziwa, kumbe ni kibanda cha sungura." Akanywa chai yake. "Usikasirike, dada. Ninakupenda njo sababu ninasema. Lakini padri akikuya Alhamisi, utamukalisha wapi? Kwenye mupepo?"

Maman Godelive alicheka nao. Alicheka mpaka wakatoka. Kisha akakaa kwenye kanape, kochi lao refu, na kuyatazama matundu, na kwa mara ya kwanza akayaona kama Maman Charlène alivyoyaona: makubwa, meusi, yenye ukingo wa saruji isiyopakwa rangi. Miguu yake ikasikia baridi ambayo siku tisa haikuwa imeisikia.

Alhamisi mchana alichukua kisu, akakata godoro la zamani la sponji. Papa Évariste alimkuta amesimama juu ya kiti.

"Maman Déborah. Ukurasa wa saba."

"Ukurasa wa saba hautapokea wageni."

"Wamepiga musitari."

"Papa Déborah, ni masaa mbili tu! Wasali, wakunywe chai, waende. Kisha ninatosha hii sponji inje." Alimtazama kutoka juu. "Ama unataka waseme kwa parokia kama préfet anaishi na sungura?"

Papa Évariste, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja alifukuza watoto wa wakubwa shuleni bila kupepesa jicho, aliangalia kitabu, akamwangalia mke wake, akakifunga. "Masaa mbili," akasema. "Si zaidi." Akaenda kuandika muda huo kwenye karatasi, ionekane kwamba aliangalia.

Maman Godelive aliufungua uzi, akautia unyoya ndani ya mfuko wa aproni. Akaingiza sponji, akasukuma mpaka ikakaza. Juu yake akatundika picha kubwa ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, ya kioo, waliyopewa siku ya ndoa. Ilifunika tundu lote na ukingo wake, kama vile tundu lilitobolewa kwa kipimo cha picha. La chini alilisukumia mgongo wa kanape. Kisha akarudi nyuma mpaka mlangoni kutazama. Ukuta ulikuwa mzima tena. Alisikia furaha, na hakuificha aliponieleza: alisikia furaha kabisa.

* * *

Mvua ilianza saa tisa. Saa kumi saluni ilikuwa na watu ishirini na wawili, wamebanana kwenye viti vya kuazima, miavuli inachuruzika mlangoni. Padri alituma habari kwamba barabara imeharibika, hatakuja. Wakafunga madirisha. Wakafunga mlango. Maman Godelive akaifungua mashini mpaka mwisho, na Aganze, mwenye sueta moja tu, akalazwa kwenye kanape karibu nayo, mahali pa joto kuliko pote.

Wa mwisho kufika alikuwa Mushagalusa, ametoka kazini, viatu vyake vya mpira vimejaa udongo mpaka juu. Alifungua mlango kidogo.

"Mushagalusa, mikeka!" Maman Charlène akasema kabla hajaingiza mguu. "Ubakie kwa baraza. Mungu anasikia ata toka baraza."

Alisema hivyo ndani ya nyumba isiyo yake, na mwenye nyumba akanyamaza. Mwashi akafunga mlango, akakaa nje kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Waliimba. Walisoma Injili. Joto likapanda, watu wakavua makoti, wakasema aksanti kwa Déborah, aksanti kwa Ubelgiji. Kwenye fungu la tatu la rozari mama mmoja alianza kulia bila sababu. Mzee aliyekaa pembeni aliinamisha kichwa, na kichwa kikabaki pale. Maman Charlène akajishika paji la uso.

"Munasikia?" akasema, na sauti yake ilikuwa nzito. "Ninasikia uzito juu ya kichwa. Nani mwingine anausikia?"

Mikono ikainuka. Mmoja, mitatu, tisa. Wote walikuwa wanausikia.

"Ni Roho," Maman Charlène akasema. "Tangu niko mukubwa wa shirika hajashuka vile. Msipingane naye. Mumuache afanye kazi."

Wakamwacha. Kichwa cha Maman Godelive nacho kilipiga kama ngoma ya mbali, na kwa muda aliona fahari: nyumba yake, Alhamisi yake, na Roho amekubali kushuka. Papa Évariste alikuwa anaitazama saa yake karibu sana na uso, kama mtu aliyesahau jinsi ya kuisoma. Aganze alikuwa amelala. Mashavu yake yalikuwa mekundu, mazuri, na tangu sala ianze hakuwa amekohoa hata mara moja.

Hata mara moja.

Ni hapo Maman Godelive alipotazama kidirisha. Moto haukuwa wa bluu. Ulikuwa wa njano, mrefu, unaramba kioo kama taa ya petroli. Alitaka kusimama. Miguu haikumjibu.

"Aganze," akaita. "Aganze, amuka usalimie batu."

Wakafikiri ni sala, wakaitikia amina.

* * *

Nje, Mushagalusa alikuwa ameona baridi. Aliikumbuka kazi yake. Hewa ya moto hutoka kwenye tundu la juu. Mtu akipanda kwenye ndoo anaweza kupasha vidole. Akaisogeza ndoo mpaka ukutani, akapanda, akaweka mkono.

Hakuna kitu. Akasogeza shavu. Hakuna. Akatia kidole kati ya nyaya, kidole kikagusa kitu laini kinachobonyea na kurudi. Akasikia ndani watu wanaitikia amina kwa sauti ya watu wanaozungumza usingizini.

Chini ya ukuta kulikuwa na kipande cha chuma cha betoni, nondo, alichokisahau siku ya kazi. Hakubisha hodi. Alikiingiza kupitia wavu na kusukuma kwa nguvu zake zote.

Ndani, Moyo Mtakatifu ukaruka kutoka ukutani. Ulianguka katikati ya shirika, kioo kikavunjika vipande mia, na nyuma yake sponji ya godoro ikatua juu ya magoti ya Maman Charlène. Watu wakapiga kelele. Wengine wakapiga magoti. Na kutoka pale picha ilipokuwa ukaingia upepo, baridi, wenye mvua.

Mlango ukafunguka kwa teke. "Muzime ile mashini! Mutoke inje! Bote!"

"Mushagalusa," Maman Charlène akasema, akiwa bado amekumbatia sponji, "biatu."

Alipita juu ya mkeka na viatu vyake, juu ya vioo, akafunga gaz kwenye chupa, akamwinua mtoto. Kichwa cha Aganze kilining'inia nyuma juu ya mkono wake. Akatoka naye mbio, na Maman Godelive akamfuata kwa mikono na magoti, hajui alipitaje mlangoni.

Mwashi alimlaza mtoto chini barazani, pale mvua inaporushwa na upepo wa ziwa: ule upepo, ile mvua, vitu vyote viwili ambavyo bibi yake alivifungia milango tangu munganga aseme lile neno. Akamfungua sueta. Akampiga mgongoni kwa kiganja. Akamgeuza, akampiga tena. Watu wakatoka mmoja mmoja, wakijishika ukutani, wakitapika kwenye maua ya Papa Évariste.

"Kohoa," Maman Godelive alisema, uso wake umegusana na wa mtoto. "Kohoa, papa yangu. Kohoa. Nakuomba, kohoa."

Mara ya nne Aganze akakohoa. Kisha akatapika, kisha akalia, na akakohoa tena, kile kikohozi kibaya cha kifuani. Hakuna wimbo aliowahi kuusikia, alisema, uliopita kile.

* * *

Hospitalini walimwekea mtoto hewa ya chupa usiku wote. Infirmière, muuguzi wa zamu, aliuliza maswali akiandika.

"Matundu ya hewa yalikuwepo?"

"Mawili," Papa Évariste akajibu. "Kufuatana na ukurasa wa saba."

"Yalikuwa wazi?"

Papa Évariste alisafisha miwani.

"Nani alisoma hayo maelezo, muzee?"

"Ni mimi."

"Na hukuelewa?"

Kwa miaka thelathini na mmoja swali hilo alilitoa yeye. Hakujua kumbe linauma hivyo. "Nilielewa," akasema, na infirmière akaandika.

Maman Godelive aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni kutafuta leso, akakuta unyoya. Alikaa ameushika mpaka asubuhi, akitazama kifua cha mtoto kikipanda na kushuka.

Saa nne za asubuhi wakaruhusiwa, munganga amesema mtoto yuko salama, alindwe, na ile mashini isiguswe. Nyumbani walimkuta Maman Charlène amefika kabla yao, na wamama sita, nyundo, na msumari. Kioo kilikuwa kimefagiwa. Habari ilikuwa imeshafika parokia, na jinsi ilivyofika ilikuwa hivi: Roho alishuka kwa nguvu kiasi kwamba wanadamu hawakuweza kumvumilia, na Moyo Mtakatifu ukajiangusha wenyewe ili kuwatoa nje wasife kwa utukufu.

"Tunairudisha pale pale," Maman Charlène akasema, akionyesha tundu kwa nyundo. "Njo fasi ya muujiza. Alhamisi tunarudia hapa, na padri. Kioo, Mushagalusa atanunua. Na mikeka ataisafisha."

Mwashi alikuwa amesimama kizingitini, amekuja kuuliza hali ya mtoto. Alitazama viatu vyake.

Maman Godelive alimkabidhi mume wake Aganze. Alikuwa hajalala, kichwa bado kinauma, na labda ndiyo sababu sauti haikutetemeka.

"Charlène, hakukuwa muujiza. Ni miye niliziba. Nilipanda kwa kiti, nikaingiza godoro kwa hii mikono. Binti yangu aliniomba, bwana yangu aliniambia, Mushagalusa aliniambia. Niliziba ju ya neno lako ya sungura. Na nilikuacha umuweke Mushagalusa inje, ule mwenye kutuokoa, kwa nyumba yangu. Karibu niue mutoto wa mutoto wangu ju ya kuona haya."

Maman Charlène alimtazama muda mrefu, macho yakajaa machozi. Kisha akawageukia wenzake.

"Munaona?" akasema kwa upole. "Mutu mwenye kuguswa na Roho njo anajishushaka vile."

"Amina," wamama wakasema.

Maman Godelive alichukua nyundo mkononi mwa Maman Charlène, akapanda kwenye kiti, akapiga msumari kwenye ukuta wa pili, unaotazamana na tundu, na kutundika pale Moyo Mtakatifu usio na kioo.

"Akae hapa," akasema. "Aniangalie kama nitaziba tena." Kisha akageuka mlangoni. "Mushagalusa, ingia."

"Maman, biatu yangu..."

"Nimeviona. Ingia navyo. Ikala kwa kanape."

Akaingia. Alikaa kwenye ukingo, kama mtu anayekalia mayai. Kanape ilikuwa imesogezwa katikati ya chumba, mbali na tundu la chini, na alama za viatu vyake zikabaki kwenye mkeka kutoka mlangoni mpaka pale. Maman Charlène alizitazama moja moja. Chai ililetwa, na kikombe cha kwanza kikapewa mwashi. Wamama hawakukaa kungoja cha pili.

Walipotoka, Mushagalusa aliuchukua unyoya kutoka kwa Maman Godelive. Ulikuwa umepindika na kulowa jasho. Aliunyoosha kati ya vidole, akaufunga mahali pake, akangoja. Ukatingisika. Ukaanza kucheza. Akasema mashini isiwashwe mpaka aje Jumatatu kuangalia matundu yote mawili, akaaga, akaenda kazini amechelewa.

Shofaje ilisimama baridi pembeni, imefunikwa kitambaa. Upepo wa ziwa uliingia chini, ukatembea ndani ya nyumba, ukatoka juu. Papa Évariste alivaa koti lake la kazi na kofia, akakaa na kitabu cha maelezo wazi kwenye ukurasa wa saba, akalala nacho kifuani. Aganze alilala kwenye kanape ndani ya sueta mbili, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Ilikuwa saa sita za mchana.

Maman Godelive alijifunika vitenge viwili, akajinyoosha miguuni pa mtoto, macho kwenye unyoya. Aganze akakohoa. Bibi yake hakuinuka. Akahesabu, moja, akangoja cha pili, na kabla hakijafika alikuwa amelala.